Hatumpi

Mchungaji alikuwa katikati ya sentensi, mdomo wazi, kidole juu, pale Nana alipoanza kuimba.

Sauti ndiyo iliyotangulia kusimama. Yeye mwenyewe alifuata baadaye, akijivuta kwa kushika benchi la mbele, kitambaa cheupe tayari mkononi. Mchungaji Amissah, kijana aliyehamishiwa kwetu mwaka ule ule, alifunga mdomo, akakunja mikono juu ya mimbari, akangoja. Alishajifunza. Kwetu sisi Wafante wa pwani ya Ghana, mama akianzisha wimbo katikati ya mahubiri, mhubiri hunyamaza, hata awe askofu. Tumeyarithi hayo kwa bibi zetu ambao hawakujua kusoma kitabu cha nyimbo. Walilisikia Neno likisomwa, wakalijibu papo hapo kwa wimbo wa kutunga wenyewe. Nyimbo hizo tunaziita ebibindwom. Hakuna mwenye ruhusa ya kuukata wimbo huo. Unakwenda mpaka aliyeuanzisha achoke, na Nana Bentsiwa, bibi yangu mzaa mama, hakuwa mtu wa kuchoka haraka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi, nimebanwa kwenye benchi la watoto, gauni jipya likinikwaruza shingo. Sanduku langu lilikuwa nje, ndani ya buti la gari la Mjomba Egyir. Ibada ikiisha, angenichukua kwenda kuishi kwake Takoradi, nisome. Kwa hiyo niliposikia sauti ile nilisema moyoni: imba, Nana, imba usiache. Hesabu yangu ilikuwa ya kitoto lakini ilikuwa sahihi. Maadamu anaimba, ibada haiishi. Maadamu ibada haijaisha, gari haliondoki.

Sikujua kwamba naye alikuwa na hesabu yake.

Ngoja niwaambie Nana alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa mfupi, mweusi tititi, mwenye maringo ya kutosha watu watatu. Alipika na kuuza dokono, unga wa mahindi uliochachuka, uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba, na alimtukana mteja aliyebonyeza bila kununua. Kanisani ndiyo usiseme. Mchungaji mmoja wa zamani aliwahi kuhubiri habari za Lazaro, na Nana akamkatisha kwa nyimbo mara nyingi mno hata muda ukaisha Lazaro bado yumo kaburini. Ilibidi afufuliwe Jumapili iliyofuata.

Mama yangu alikuwa anakufa kwa aibu. Mama aliimba kwaya ya majoho, wale wanaokaa kando ya kinanda, wanaosoma nota, wanaofungua midomo kwa pamoja. Sauti yake ilikuwa ya juu, safi, imefundishwa ikafundishika. Kila Jumapili asubuhi ilikuwa kesi.

"Mama, leo jamani usiimbe. Tuna wageni."

"Wageni wa nani? Wamekuja kwa Mungu au wamekuja kwako?"

"Basi wimbo mmoja tu."

"We Adwoa, hilo joho linakubana kichwa."

Na Mjomba Egyir alikuwa nani? Alikuwa mtoto wa dada yake Nana. Dada alifariki kitoto kikiwa bado kinanyonya, na Nana akakichukua, akakilea pamoja na mama yangu, titi moja huku na moja kule. Kwetu, mtoto wa dada yako ni mtoto wako, hakuna mjadala. Na kwetu mjomba ndiye mwenye neno. Baba yangu alikuwa akifanya kazi Abidjan, lakini hata angekuwa amekaa hapo hapo mlangoni, neno la mwisho juu ya kusoma kwangu lilikuwa la mjomba. Alikuwa na duka la vipuri, alikuwa mzee wa kanisa, na kila wikiendi alirudi nyumbani kufundisha shule ya Jumapili, mifuko imejaa biskuti. Watu walimpenda. Nami nilimpenda, mpaka nilipoacha.

Nana nilimwambia siku tuliyokuwa tunafunga dokono, wiki moja kabla ya safari. Nilikuwa namkabidhi majani, yeye anafunga.

"Nana, mimi sitaki kwenda kwa mjomba."

"Nani anataka shule? Wote mnalia siku ya kwanza."

"Siyo shule. Ni mjomba."

Mikono ikasimama. Jani likabaki limekunjwa nusu. Nana alikwenda akanawa, jambo ambalo hakuwa akilifanya kabla sufuria halijajaa, akarudi akaketi chini kwenye vumbi, siyo kwenye kigoda chake, macho yake yakawa sawa na yangu. Nikamwambia. Nikamwambia kuhusu chumba cha nyuma cha kanisa panapowekwa majoho na matari, jinsi mjomba alivyokuwa akiniita nimsaidie kukunja vitambaa watoto wengine wakishatoka, na mahali mkono wake ulipokuwa ukienda, mahali ambapo mkono wa mtu mzima hauna kazi. Nikamwambia haikuwa mara moja. Na kwamba alisema hiyo ni siri ya watu watatu: yeye, mimi, na Mungu.

"Mungu gani huyo," Nana akasema polepole, "anayemtunzia mtu siri za namna hiyo?"

Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

"Umemwambia mama yako?"

"Nilimwambia. Akasema nisirudie tena maneno hayo."

"Sawa. Wewe usirudie. Nitarudia mimi." Akanishika mashavu kwa mikono iliyonuka mahindi. "Hukukosa kitu, Araba. Umesikia? Sema nimesikia."

"Nimesikia."

"Sema tena, hiyo ilikuwa ya mdomoni."

"Nimesikia, Nana!"

Kisha akalitoa dokono la kwanza jikoni kabla halijaiva, akaniwekea na kichwa cha samaki. Kichwa cha samaki, jamani! Nana hakuwahi kumpa mtu kichwa cha samaki. Katikati unga ulikuwa bado mbichi, nikala mpaka jani likabaki jeupe. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua ndoo kichwani.

Nana aliongea na Mama jioni ile ile. Nilisikia kupitia ukutani. Mama alilia. Kaka ndiye aliyetuezekea nyumba, alisema, kaka ni mzee wa kanisa, watu watasemaje, labda mtoto hakuelewa. Kesho yake Nana akaenda kwa mkuu wa ukoo, naye akamjibu kwamba hayo ni mambo ya ndani na yatazungumzwa ndani, wakati wake ukifika.

"Na mtoto?" Nana akauliza.

"Mtoto aende shule."

Wakamwambia anyamaze, aheshimu jina la ukoo. Na Nana, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanyamaza kweli. Wiki nzima hakugombana na mtu. Wateja walibonyeza dokono, wakabonyeza tena, akawatazama tu. Wakadhani anaumwa. Alikuwa akitafuna tangawizi na kunywa maji ya moto, shingo ameifunga kitambaa. Wiki ile nililala chumbani kwake, na popote nilipokwenda alikuwa nyuma yangu, hata chooni alinisubiri nje akipiga mluzi. Sikuelewa. Nilidhani ameshindwa na sasa ananiaga kidogo kidogo. Kumbe mwenzangu alikuwa anatunza koo.

Jumapili ikafika. Mchungaji Amissah alihubiri juu ya kikapu cha Musa. Kwa nia njema kabisa, maskini, maana alikuwa ameambiwa kuna mtoto wa kuombewa safari. "Wazazi," akasema, "msiogope kuwaachia watoto waende mbali. Mama yake Musa alikiweka kikapu majini, akamwamini..."

Hapo ndipo Nana aliposhika wimbo. Alianza chini, taratibu, na wale akina mama wa viti vya nyuma, magauni meupe na vilemba vyeupe, wakamdaka.

"Kikapu kimewekwa majini."

"Tunakiangalia!"

"Mtoto yumo ndani amelala."

"Tunakiangalia!"

"Miriamu, usiondoke majanini!"

"Tunakiangalia!"

Matari yakaingia, ngoma ikaingia, vitambaa vikapaa. Mchungaji alianza kupiga makofi. Mjomba Egyir mwenyewe, benchi la mbele na suti yake ya kijivu, alipiga makofi pamoja na wazee wenzake. Na hapo ndipo palipo na ugonjwa wetu, ambao pia ndio raha yetu: watu wa kwetu huitikia kwanza, wakafikiri baadaye. Ukitupa mwanzo mtamu, sisi tutakupa mwitikio hata kabla hatujajua tumeitikia nini.

Nana akabadilisha.

"Kuna mtu anakuja kukichukua."

"Ni nani?"

"Si binti wa Farao!"

"Si yeye!"

"Ni mamba kavaa suti."

"Ni mamba!"

"Biblia iko kwapani."

"Ni mamba!"

"Tumpe mtoto?"

"Hatumpi!"

"Tumpe mtoto?"

"Hatumpi!"

Paa lilitaka kung'oka. Watoto wa shule ya Jumapili walipiga kelele kuliko wote, maana ilikuwa nadra kuruhusiwa kusema "hatumpi" mbele ya watu wazima. Nami nilizipiga, na nilijua ninachozipigia. Sijui kama nimewahi tena kuipata furaha ile, kusimama juu ya benchi na kulipigia kelele lile nililoambiwa nisirudie, na kanisa zima likinisaidia.

Nana alitoka kwenye benchi lake. Alicheza katikati ya kanisa, mabega yakipanda na kushuka, akaenda hivyo mpaka mbele, akasimama mbele ya Mjomba Egyir. Akashusha sauti. Ngoma ikashuka naye.

"Mamba huyu nimemwogesha kwenye beseni langu. Mamba huyu nimembeba mgongoni. Dada yangu aliniachia nikamlea. Ni mwanangu." Akainua kitambaa. "Tumpe mtoto?"

Aliyekuwa akipiga ngoma aliendelea kidogo peke yake, kisha akaacha. Niliwaona watu wakielewa, benchi baada ya benchi. Walikuwa wamekwisha kujibu! Walijibu kwa sauti, ndani ya nyumba ya Mungu, kwa makofi na vitambaa. Kwetu neno ulilolijibu ndani ya wimbo umeliapia, hulirudishi mdomoni.

Mjomba akasimama. Alikuwa anatabasamu, lile tabasamu la biskuti.

"Mchungaji, samahani. Mama yangu haumwi leo tu, umri unamchanganya. Mtoeni nje apate hewa."

Mchungaji Amissah alikuwa kijana, mgeni, na aliyesimama mbele yake ndiye aliyelinunulia kanisa kinanda. Alimtazama Nana. Akanitazama mimi juu ya benchi langu. Akashuka mimbarini.

"Wimbo haujaisha, mzee," akasema. "Kaa chini."

Kumbuka utaratibu. Hakuna anayeukata.

"Tumpe mtoto?" Nana akaimba tena, na tangawizi yote ile haikumsaidia, sauti ilipasuka. Akina mama wa nyuma walikuwa wamefungua midomo lakini mwitikio hautoki. Ni jambo jingine kuitikia ukishajua.

Ndipo sauti ikatoka kando ya kinanda. Ya juu, safi, imefundishwa ikafundishika.

"Hatumpi."

Mama alishuka ngazi za kwaya na joho lake la zambarau, kofia imeenda upande, nota zimeanguka sakafuni, akazikanyaga. "Hatumpi," akaimba. Alikuja moja kwa moja kwenye benchi la watoto, akanishika kwapani, na mwanamke yule, aliyekuwa hana hata kitenge cha kubebea, akanipandisha mgongoni juu ya joho. Miaka kumi yangu! Miguu yangu ilikaribia kuburuza sakafu. Watu walianza kucheka wakilia, na akina mama wa kule nyuma wakatuzunguka kwa vitambaa vyeupe mpaka sikuona kitu ila weupe. Kanisa lote likaitikia sasa, polepole, kila mtu akijua anasema nini.

"Nisamehe," Mama aliniambia kwa upande wa bega. "Nisamehe, Araba. Nimesikia."

"Sema tena," nikamwambia, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa na Nana. "Hiyo ilikuwa ya mdomoni."

Mama akacheka kilio, akasema tena.

Kwenye benchi nililoliacha alisimama msichana mwingine, Aba, mtoto wa fundi cherehani. "Na mimi," akasema. Hakusema zaidi, na hakuna aliyemtaka aseme zaidi pale mbele za watu. Mama yake alipita juu ya magoti ya watu kumfikia.

Mjomba alielekea mlangoni. Wanaume wa kanisa walikuwa wameshasimama hapo, mikono nyuma.

"Sanduku la mtoto," Nana akamwambia.

Alilitoa kwenye buti kwa mkono wake mwenyewe. Nana alilibeba kichwani, ingawa lilikuwa zito, na hakukubali kusaidiwa. Kisha tukaenda polisi: Mchungaji mbele na kanzu yake, wazee wamemweka Mjomba kati, akina mama wote nyuma na matari. Askari wa zamu alituona tukikunja kona, akavaa kofia haraka na kusimama wima, akidhani ni msiba wa mtu mkubwa. Baadaye nilimuuliza Nana kwa nini hakwenda polisi mapema. Alinijibu kwamba angekwenda peke yake wangemwona kizee mgomvi aliyekosana na mwanawe, na yeye alitaka kwenda na kanisa zima.

Mjomba alifungwa. Nana alimlilia, mchana kweupe, uani, wateja wakimwona, na mtu akimuuliza kama anajuta alimtimua na mwiko. "Namlilia kwa sababu ni wangu," alisema. "Silii kwa sababu nimekosea. Nunua au ondoka."

Mlango wa chumba cha nyuma uling'olewa wiki ile ile. Haujawekwa mwingine mpaka leo. Majoho yetu yanaonekana na kila apitaye. Wazee walitaka kuuchoma. Nana akasema mbao nzuri haichomwi, akaubeba nyumbani, akauwekea miguu minne na kuufanya meza ya kufungia dokono. Aliisugua kwa maji na mchanga, na aliifurahia meza ile kuliko kitu chochote alichokuwa nacho. Ninayo. Sauti yake sikurithi, mimi naimba kama mbuzi aliyekanyagwa, na yeye alikuwa wa kwanza kunieleza. Nimerithi meza.

Mama hakurudi tena kwenye kwaya ya majoho. Alihamia viti vya nyuma, gauni jeupe na kilemba, na mwanzoni alitunga vibaya, nyimbo zake zilikuwa na nota nyingi mno. Nana alimtesa kwa hilo mpaka alipokufa. Sasa Mama ni mzee, sikio moja limeanza kuzima, na yeye ndiye kiongozi wa akina mama. Kazi yao nyingine inajulikana na kila ukoo hapa kwetu. Mtoto hahami kwenda kuishi kwa ndugu, awe mjomba, shangazi, mchungaji, yeyote, kabla hajaletwa kwenye meza yetu. Ndugu hubaki nje uani na mizigo yao. Mtoto huingia peke yake, hupewa kigoda, na akina mama huketi chini kwenye sakafu. Kisha huulizwa anataka kwenda au hataki. Akisema hataki, haendi, na hatumuulizi sababu siku hiyo. Wengi wanataka. Mwezi uliopita kuna mmoja alisema ndiyo kabla swali halijaisha, kwa kuwa shangazi yake wa Tema ana baiskeli, na tulicheka mpaka sufuria likafurika.

Juzi Jumapili aliletwa Kuukua, mwenye miaka saba, ushanga mwekundu shingoni. Nje gari lilikuwa linanguruma. Mama alimuuliza kama tunavyouliza wote. Kuukua alitazama meza, akakuna mbao kwa ukucha, akasema kitu ndani ya kola ya gauni lake.

Hakuna aliyemsikia. Mmoja wetu akataka kumsaidia, akasema, "Nadhani amesema..." na Mama akamnyamazisha kwa mkono. Akajisogeza kwenye sakafu, magoti yakilia, mpaka akafika karibu kabisa na kigoda, akamgeuzia sikio lake zima.

"Rudia, mjukuu wangu," akasema. "Mimi nasikiliza."

Akangoja. Sisi wote tukangoja, na nje gari likanguruma likachoka, likazimwa.

"Sitaki," Kuukua akasema, safari hii kwa sauti iliyofika uani.

Nikamfungulia dokono la moto, nikamwekea na kichwa cha samaki.